Siku moja ziwani Kivu: visiwa vya volkano asubuhi, maji moto mchana

Ijumaa jioni simu yangu hailali. Ni mtu aliyepata wageni kutoka Lubumbashi au Kinshasa, na swali ni lilelile: "Papa kapiteni, kesho tunataka kuona visiwa na maji moto. Tunatoka saa nne, sivyo?" Saa nne mimi nataka kuwa nimeshaanza kufikiria kurudi Goma. Ziwa Kivu lina saa zake, na safari hupangwa kwa kuzifuata. Anayepanga kwa kufuata usingizi wake ataloa, tena ataloa akiwa amelipa.

Kabla ya yote, elewa ramani. Visiwa vya volkano viko upande wa Congo, magharibi ya mji wa Goma. Maji moto ya ukingo wa ziwa yako upande wa Rwanda, Nyamyumba, kusini ya mji wa Gisenyi. Mpaka unapita majini bila waya wala mlango, ndiyo maana wageni wanausahau. Lakini upo, na askari wa majini wa pande zote mbili wanaujua vizuri. Boti ya Goma haiendi kushusha watu Rubona, penye hayo maji moto, kwa sababu tu ni karibu. Kwa hiyo siku ni moja, boti ni mbili: moja ya asubuhi kutoka Goma, nyingine ya mchana kutoka Gisenyi, na katikati unavuka barrière, yaani kituo cha mpaka, kwa miguu kama watu wengine. (Wa Bukavu wana maji moto yao ya Kankule, kule Katana, wanayafikia kwa barabara. Hayo waandike wenyewe.)

Pia siku moja kabla, uliza habari. Tangu vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, mambo ya ruhusa, ya bandari na ya mpaka yanaweza kubadilika kati ya chakula cha mchana na cha usiku. Kisiwa cha Tchegera ni sehemu ya Hifadhi ya Virunga: wakisema kimefungwa, hatukikanyagi, hata kama shemeji yako anamjua mtu.

Kuchagua boti

Usichague boti kwa rangi. Nenda mwenyewe bandarini mchana wa siku iliyotangulia, mtafute mwenye boti, umwombe akuonyeshe vitu vitatu: majile, mafuta na injini ya akiba, au angalau makasia mawili yanayoshikika. Majile ni yale makoti ya kuelea. Yahesabu, kisha livae moja hapohapo ufunge kamba zake. Yako majile ya bandari zetu ambayo kazi yake ni kuonyeshwa kwa askari: yamepasuka, sponji imelegea, mkanda umekatika. La namna hiyo ukilivaa linakupa moyo tu, halikupi kuelea. Ukiwa na mtoto, tafuta jile la mtoto. La mtu mkubwa linampanda shingoni na yeye anateleza chini.

Sisemi haya kwa kutisha. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, bandari ya hapa Goma, karibu kabisa kufika, watu wakiwa ukingoni wanawasubiri ndugu zao. Barabara ya kuja Goma kupitia Sake ilikuwa imekatwa na vita, kila mtu alikuwa anapita majini, na boti ilikuwa imejaa kupita uwezo wake. Waliokufa walikuwa wengi. Tangu siku hiyo, mteja akiniambia "mtoto wa mwisho tutampakata tu, hahesabiki", namjibu kwamba kwenye boti yangu anahesabika, na jile analo.

Bei inafuata mafuta, basi zungumza mafuta kwanza. Injini ya kawaida ya nguvu za farasi 40, ya mtindo wa zamani wa kuchanganya oili na esansi (petroli), ukiikaza inakunywa kati ya lita 15 na 20 kwa saa. Kwenda Tchegera ni chini ya saa moja kwa boti kama hiyo. Piga hesabu ya kwenda, kurudi, na kuzungukazunguka, kisha ongeza theluthi ya akiba. Mtu akikuambia bei ya chini sana kuliko wenzake, usifurahi, muulize amebeba lita ngapi. Na mkubaliane tangu mwanzo: nani anagharamia mafuta, boti inawasubiri mpaka saa ngapi, na ikiwa ziwa limekasirika, nani anaamua kurudi. Jibu la hilo la mwisho ni moja tu, ni kapiteni. Lipa nusu kabla, nusu mkirudi.

Kuondoka

Saa kumi na mbili kamili ya asubuhi, watu wote wamekaa. Si saa kumi na mbili wanatoka nyumbani Katindo.

Asubuhi ziwa limelala. Jua likipanda, ardhi inapata joto, upepo unaanza kutembea, na kufikia saa saba mchana mawimbi yanaweza kuwa yanapiga ubavu wa boti ndogo mpaka mama wa watu anataja watakatifu wote. Wakati wa mvua, kuanzia Septemba mpaka Mei, dhoruba za mchana zinashuka kutoka milimani bila hodi. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, mvua ni chache, lakini hewa imejaa vumbi na moshi, na unaweza kukaa siku nzima bila kuona volkano hata moja. Mimi nikiulizwa mwezi mzuri, nasema Januari au Februari, asubuhi baada ya usiku wa mvua. Hewa imeoshwa, na Nyiragongo inaonekana mpaka mifereji ya ubavuni mwake.

Mavazi: sweta, kwa sababu tuko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na asubuhi ni baridi, pamoja na kofia, kwa sababu jua la juu huku linachoma hata kukiwa na mawingu. Viatu viwe vya soli ngumu. Lava haina huruma na sandali, na viatu vya kisigino nimevibeba mkononi mara nyingi mno nikiwasaidia wenyewe kushuka. Simu iwe ndani ya mfuko usioingiza maji. Maji ya kunywa yawe mengi.

Mkitoka, msikimbilie kupiga picha mbele, geukeni nyuma. Mji wa Goma unasomeka vizuri zaidi kutoka majini. Utaona mahali mawe meusi yanapoingia ziwani kama ulimi: ni lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyoteremka kutoka Nyiragongo, ikakata mji katikati, ikala nyumba na kanisa kuu, ikaishia majini huku mvuke unapanda. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 haikufika huku, ilisimama Buhene, upande wa kaskazini. Juu ya lava ya 2002 watu wamejenga tena. Wageni wanashangaa. Sisi tunawaambia kiwanja ni kiwanja.

Saa hizo utakutana na wavuvi wa sambaza wanarudi. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imetoka mbele na nyuma ya kushikia wavu, na wapiga makasia wanaimba ili mikono iende sawa. Usiku wamevua kwa taa, maana sambaza hufuata mwanga. Samaki huyu tunayejivunia kama wetu aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapa mwambie kapiteni apunguze injini. Wimbi letu linaweza kuwavuruga, na lugha utakayosikia haifai kwa watoto. Ukipunguza vizuri na kusalimia, watakuuzia. Chukua bakuli moja ya asubuhi ile ile, na usisubiri kununua Kituku mchana.

Tchegera

Kisiwa ni hilali. Ni ukingo wa volkano ya zamani, mdomo wake umejaa maji na upande mmoja umezama, ndiyo maana ukiingia ndani ya mkunjo wake mawimbi yanakufa ghafla na maji yanakuwa laini. Tunaingia polepole. Kuna mawe chini ambayo hayaonekani jua likiwa bado chini, na propela ikigonga moja, siku yenu imekwisha na mwezi wangu umeharibika.

Mkishuka, pandeni juu ya ukingo kwanza kabla ya kufungua chakula. Tazameni kaskazini. Kulia ni Nyiragongo, mita 3,470, imesimama kwa ncha na mabega. Kushoto kwake ni Nyamulagira, mita 3,058, pana na bapa, na wengi hawaitambui kama volkano mpaka uwaonyeshe kwa kidole. Hiyo bapa ndiyo yenye fujo zaidi, inatapika mara kwa mara, ila lava yake kwa kawaida inaishia porini. Si kila mara. Kati ya 1938 na 1940 iliteremka mpaka ziwani upande wa Sake, ikakaribia kuifunga ghuba ya Kabuno isiungane na sehemu nyingine ya ziwa.

Swali la mamba linakuja hapa, kila safari. Kijana mmoja wa Lubumbashi aliweka mguu majini, akautoa, akanigeukia.

"Papa, mamba je?"

"Mamba hakuna Kivu, mwanangu."

"Kwa nini hakuna?"

"Waulize wao. Wewe vaa jile, ingia."

Aliingia, na kumtoa ndiyo ikawa kazi. Ndani ya hilali kuogelea ni kuzuri. Nje, upande wa ziwa wazi, sikubali: ardhi inaanguka chini haraka, na ziwa hili katikati lina kina cha karibu mita 485.

Sambaza tunakaanga kisiwani ikiwa wenye kisiwa wanaruhusu moto. Kama hawaruhusu, nawaambia wateja wapike usiku wa kuamkia safari na walete baridi pamoja na lituma, ndizi za kupondwa. Mkiruhusiwa, fanyeni hivi: usiwaparue wala kuwapasua, ni wadogo, wanaliwa wazima. Waoshe kwa maji ya ziwa mara mbili, wamwagie chumvi, waache wachuje maji mpaka wakauke kabisa, maana sambaza mwenye maji atakurushia mafuta usoni. Mafuta yawe na moto mkali, watie wachache wachache, na usiwaguse mpaka wakaze. Wakianza kugongana na sauti ya vijiti, watoe. Ndimu na pilipili baadaye, si kabla.

Mambo ya gesi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanachanganya hatari ya mbali na ya karibu.

Chini kabisa ya Kivu kuna gesi nyingi iliyoyeyuka majini: kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksidi na 60 za metani. Ya kwanza inatokana zaidi na volkano. Imebanwa na uzito wa maji ya juu, na maji ya chini ni mazito zaidi kwa chumvi, kwa hiyo hayapandi. Ziwa Nyos la Cameroun, lililo dogo sana mbele ya letu, lilitapika gesi yake mwaka 1986 na kuua watu kama 1,700. Ndiyo maana wataalamu wa Observatoire ya volkano hapa Goma wanapima, na ndiyo maana Mei 2021 sehemu ya mji iliambiwa ihame. Upande wa Rwanda wanaitoa metani na kuifanya umeme, kule Karongi. Mteja akiniuliza kama injini yangu inaweza kuiamsha, namwambia hapana, gesi iko mamia ya mita chini na propela haifiki hata mita moja.

Ya karibu ni mazuku. Hiyo ni kaboni dayoksidi inayotoka kwenye nyufa za lava na kukaa kwenye mabonde na mashimo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haina rangi, na pua haikuambii chochote. Iko magharibi ya Goma, upande wa Bulengo na Lac Vert, na sehemu nyingine inabubujika ukingoni mwa ziwa, ambako waogeleaji wamekufa kwenye maji yasiyofika shingo. Alama zake ni mjusi aliyekufa, ndege aliyekufa, wadudu wengi wamelala mahali pamoja, au majani yamekauka kwenye bonde wakati pembeni ni kijani. Ukiona hayo, panda juu, usiiname kutazama vizuri. Mtoto anayetembea na mbwa anayenusa ndio wanaopigwa kwanza, kwa sababu vichwa vyao viko chini. Na mtu akianguka bondeni, usimkimbilie bila kufikiri: wengi wamekufa wa pili na wa tatu kwa kumfuata wa kwanza.

Mazuku hukusanyika usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Saa zilizo nzuri kwa boti ndizo mbaya kwa mabonde. Kwa hiyo Lac Vert, kale kaziwa ka kijani kalikojaa ndani ya mdomo wa volkano karibu na ukingo, siwapeleki wakati wa kwenda. Nakaacha kwa kurudi, kama saa nne na nusu, jua likiwa limepanda na upepo umeanza kupita. Hakaonekani kutoka botini, lazima ushuke na kupanda ukingo wake. Chukua kijana wa mahali hapo akuongoze, mpe chake, na muishie juu. Picha nzuri ni ya juu. Hakuna sababu ya kushuka mpaka majini, na kuna sababu nyingi za kutoshuka.

Saa sita mchana muwe Goma.

Kuvuka

Kutoka bandarini chukueni motari, yaani pikipiki ya abiria, mpaka Grande Barrière. Karatasi zinazoombwa zinabadilika, kuanzia kitambulisho na jetoni (kikaratasi cha kuvukia) mpaka lesepase (hati ya kusafiria) au pasipoti, basi jibu la zamani halitoshi, uliza siku moja kabla. Mgeni asiye Mkongomani aangalie viza yake ya Congo inaruhusu kuingia tena. Nimeona mtu amesimama katikati ya nchi mbili akiwa na taulo shingoni na hawezi kwenda popote. Na acha mifuko ya plastiki nyumbani: Rwanda imeipiga marufuku tangu 2008, wanafungua mizigo. Nguo za kubadilisha weka kwenye mfuko wa kitambaa. Badilisha pesa kidogo kuwa faranga za Rwanda, za boti, za kula, na za wale watakaokukanda.

Boti za upande ule zinapatikana kwenye ufuko wa Gisenyi. Mwendo ni mfupi, unafuata ukingo kuelekea kusini mpaka Rubona, karibu na kiwanda cha bia. Upepo wa mchana ukiwa umekaza, usione aibu kwenda kwa barabara, ni kilomita chache na njia ni nzuri. Kuhusu boti ya wenzetu masharti ni yaleyale: jile, mafuta, makasia.

Maji moto

Nyamyumba si hoteli. Ni mahali penye mawe, mvuke, mabwawa madogo yaliyopangwa kwa mikono, na watu waliokaa ndani mpaka kiunoni wanazungumza habari za nyumbani. Mvua inazama ardhini, inapita kwenye nyufa ndefu za bonde letu la ufa, inapata joto huko chini, na kupanda tena hapa. Kwenye chemchemi yenyewe joto linapita nyuzi 70. Hiyo si ya kuoga, ni ya kupikia. Watu wanatia mayai ndani ya wavu na kuyaacha. Yanahitaji muda, dakika ishirini na kupita, maana maji hayachemki kama ya sufuria. Mama mmoja hapo aliniuzia yai, nikalimenya: ute mweupe umekaza kidogo tu, kiini bado kinatembea. Alinitazama, akalirudisha la pili wavuni bila kusema neno.

Wewe ingia pale maji ya moto yanapokutana na ya ziwa. Anza na mkono, kisha mguu, kisha songa polepole ukitafuta mahali pako, maana hatua moja kulia ni kali na hatua moja kushoto ni baridi. Kaa robo saa, toka, kunywa maji, rudi ukipenda. Mwenye presha, mwenye moyo, na mama mjamzito waishie miguu tu. Aliyekunywa bia asiingie, hata kama kiwanda kiko pale pale kinamwita. Vijana watakuja kukukanda mgongo na miguu kwa matope na maji ya moto. Wana mikono kweli, ila bei iwekwe kabla mgongo haujalegea, kwa sababu ukishalegea huwezi kubishana. Nchi yao ni ya utaratibu, ukiona panatozwa kiingilio, lipa na uendelee.

Wazee wanasema yanatibu mifupa na ngozi. Mimi ninachojua ni kwamba baada ya siku ya kuvuta kamba za boti, mabega yangu yanashuka.

Msikae mpaka jua lizame. Barrière ina saa ya kufunga, na foleni ya jioni ni ndefu, na akina mama wanaorudi na bidhaa zao wana haraka kuliko wewe. Anza kurudi saa kumi. Ukifika ukakuta imefungwa, tafuta chumba Gisenyi, piga simu nyumbani, ulale. Usimtafute mtu wa mtumbwi akuvushe gizani: askari wa majini hawajui kama wewe ni mgeni aliyetoka kuoga.